Tupeane uzoefu: Mtumishi wa chuo aliyekusaidia kusoma ukitokea nyumbani na kazini

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni karani katika ofisi ya serikali, mama wa watoto watatu, na nipo mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza katika masomo ya jioni hapa Dar es Salaam. Nilianza nikiwa na miaka 39. Naishi Chanika, nafanya kazi Ilala, na kipindi cha kwanza huanza saa 11:00 jioni upande mwingine wa jiji, kwa hiyo siku ya kawaida natoka nyumbani alfajiri watoto wakiwa bado wamelala na kurudi wakiwa wamekwisha kulala.

Kinachonichosha zaidi ya umbali wenyewe ni safari ya bure. Ofisi za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na ofisi za chuo chetu hufuata saa hizo hizo ambazo mimi niko mezani kwangu nahudumia wananchi. Mwaka wa kwanza alama zangu za somo moja hazikuonekana kwenye mfumo. Nilifika ofisi ya mitihani mara tatu, kila mara nikiwa nimeomba ruhusa kazini: mara ya kwanza mhusika alikuwa kikaoni, mara ya pili nikaambiwa nilete fomu yenye saini ya mhadhiri, na mara ya tatu nikaambiwa fomu ile imebadilishwa. Siku tatu za ruhusa zilikwenda kwa jambo la dakika kumi, na mkuu wangu wa kazi akaanza kuniuliza kama kweli masomo haya nayaweza.

Aliyeniokoa ni katibu muhtasi wa idara. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Dada, unatokea wapi?" Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, kisha akaniandikia namba ya simu ya ofisi na kusema, "Kabla hujapanda gari, niulize kwanza." Alinitumia picha ya fomu sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa mhadhiri, na alama zikapatikana ndani ya wiki. Tangu siku hiyo sijafika pale bila kujua kwamba mtu ninayemfuata yupo.

Naomba kila mmoja aeleze jambo alilofanyiwa hasa na mtumishi wa chuo, awe mhadhiri, mkutubi, msajili au mlinzi. Najua miongoni mwetu wamo watumishi, na ningependa wasome vitu wanavyoweza kuvifanya Jumatatu asubuhi bila kusubiri waraka.

Msafiri wa Kimara

Dada, pole na hongera. Mimi nategemea mwendokasi kutoka Kimara kwenda mjini, na kila anayepita njia hiyo anajua kwamba Mto Msimbazi ukijaa na maji yakapanda Jangwani, mabasi husimama. Mvua za masika ziliwahi kutukamata siku ya jaribio lenye alama 20. Tulikuwa saba upande huu wa bonde, tukatembea, tukapanda bodaboda za kuzunguka, tukafika wenzetu wanakusanya karatasi. Mhadhiri alitutazama tulivyolowa, hakutudai barua ya daktari wala ya polisi, akatupangia jaribio jingine Jumamosi iliyofuata lenye maswali tofauti na uzito ule ule. Alituambia kwamba anapima uelewa wa uhasibu. Nilifaulu somo lile, na nilimheshimu zaidi kwa sababu jaribio la pili halikuwa rahisi hata kidogo.

Mwalimu wa Kitui

Naandika kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shahada yangu niliisoma kwa mpango wa likizo ambao walimu wengi huku wanaufahamu: shule zikifungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, mwalimu anageuka mwanafunzi, anafundishwa kwa kasi wiki chache, kisha anarudi darasani kwake. Ugumu ni ile miezi ya katikati. Unakaa mbali, una wanafunzi 60 wa kuwasahihishia madaftari, na chuoni ni kama umefutwa hadi likizo nyingine. Mhadhiri wetu mmoja wa saikolojia ya elimu alikuwa na desturi ya kutupa, siku ya kufunga, mpango mzima wa miezi ile: kazi za kuandika, tarehe za kuziwasilisha na kurasa za kusoma. Vilevile alirekodi mihadhara yake kwa sauti tu, bila video, akijua kwamba bando la mwalimu wa kijijini halitoshi. Nilimsikiliza kwenye matatu nikienda sokoni kila Jumamosi, nikirudia sehemu ngumu hadi nikazishika.

Mama wa Songea

Mimi nilisoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, na ambacho kina vituo mikoani ili mtu asome bila kuhama. Mwaka wa pili mume wangu aliugua, nami nikaacha kila kitu. Siku moja simu ikaita. Alikuwa mfanyakazi wa kituo chetu: "Mama, nimepitia orodha ya mtihani sijaona jina lako. Kuna nini?"

Anayekaa bwenini akiugua, mwenzake wa chumbani atatoa taarifa. Sisi tukipotea, chuo hakijui, na mara nyingi tunapotea kwa aibu, tukidhani tumeshindwa. Yule kijana alinieleza namna ya kuahirisha mitihani kwa utaratibu badala ya kutoroka, na kwa simu ile moja nina shahada leo. Kama kuna mtumishi anasoma hapa, namwomba sana apitie orodha yake.

Mzee wa Mlimani

Wanangu, nina miaka 76. Niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1977, nikiwa nimefanya kazi ya ushirika miaka mitano na nimeacha mke na mtoto Singida. Wengi mmesahau kwamba baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, kisha aombe chuo akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa hiyo darasani mtu mzima hakuwa mgeni. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na haukudumu, lakini nakumbuka mwalimu wetu wa uchumi alivyoanza muhula: alimwomba kila mmoja aeleze kazi aliyotoka kuifanya, akaandika pembeni, na kila nadharia aliyoifundisha aliuliza, "Wewe wa ushirika, jambo hili mliliona?" Nilikuja na hofu ya kusahau hesabu; nikagundua kwamba ninacho kitu ambacho hata mwalimu anakihitaji. Mtu mzima akitendewa hivyo, hachoki upesi.

Mhadhiri wa jioni

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mhadhiri, na nakiri kwamba kwa miaka mingi niliogopa upendeleo. Nilijiuliza, nikimsikiliza mfanyakazi aliyechelewa, nitamwambia nini kijana wa bwenini ambaye naye hana hela ya chakula? Bado sipunguzi viwango wala sibadili tarehe kwa mtu mmoja kwa siri. Nilichobadili ni utaratibu wa wote. Siku ya kwanza ya muhula natoa tarehe zote za majaribio ili mtu aombe ruhusa kazini mapema. Nikilazimika kuahirisha kipindi, natangaza kabla ya saa 7:00 mchana. Saa hiyo ikipita, nakuja kufundisha hata wakifika wanne.

Jambo lililonishangaza kwa manufaa yake ni makundi ya kazi. Zamani niliyapanga kwa alfabeti, wakawa wanatakiwa kukutana saa 3:00 usiku kwenye mabweni, na akina mama wakapewa jina la watu wasioshiriki. Sasa nayapanga kwa mahali wanapoishi. Kundi la Mbagala linakutana Mbagala, la Tegeta linakutana Tegeta, na malalamiko yamekwisha.

Naomba nanyi mlijue hili: saa zangu za Jumamosi za kuwasikiliza wanafunzi wanaofanya kazi hazihesabiwi popote kwenye majukumu yangu. Wakuu wa idara wangezihesabu, wahadhiri wengi zaidi wangezitoa.

Mkutubi

Nami niongeze la maktaba. Tuna vitabu vinavyosomewa ndani kwa saa 2 tu, kwa sababu nakala ni chache. Mwanafunzi wa jioni anafika tunakaribia kufunga, hivyo kanuni ile, ingawa ilitungwa kwa nia njema, ilikuwa inamnyima kitabu kabisa. Tulikubaliana achukue saa ya kufunga na kukirudisha kesho yake jioni anapokuja darasani, na sijapoteza kitabu hata kimoja. Pia tulitenga makabati 12 yenye ufunguo, maana mtu aliyetoka kazini anabeba viatu, chakula, madaftari na pengine sare ya kazi siku nzima.

Mwanzisha mada

Asante sana kaka. Je, kwa sisi ambao Jumamosi tunafanya kazi hadi saa 8:00 mchana na maktaba zinafungwa mapema?

Mkutubi

Sisi hufunga saa 10:00 jioni Jumamosi, dada. Anayeona hatawahi hunipigia kabla ya saa 9:00, nami nakiandikisha kitabu kwa jina lake na kukiacha kwa mlinzi wa getini, anasaini kwenye daftari na kuondoka nacho.