Tupeane uzoefu: Watoto wa madarasa ya chini na masomo ya mtandaoni

Mama Pacha: Nimemsikia mtoto wa jirani akiitikia "nipo mwalimu" kwenye simu, nikakumbuka 2020 shule zilipofungwa. Wenye watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, nini kiliwakwamisha na nini kiliwasaidia?

BandoLimekata: Simu moja, watoto watatu, vipindi saa ileile.

Nyangema: Hapa pia. Pole.

Mama Zuhura: Wangu alikuwa la pili. Siku ya jaribio la kusoma kwa sauti, wanaitwa kwa zamu. Ametajwa jina tu, shemeji akapiga simu, darasa likakatika. Tukarudi, tukasubirishwa. Tunafunguliwa, zamu imepita, ameshaandikwa hayupo. Akachukua kitabu akasoma kifungu chote, na kipaza sauti kimezimwa na mwalimu. Akaniuliza, "Mama, mwalimu amesikia?" Tangu hapo, saa ya kipindi ikifika tumbo linamuuma.

Fundi Saa: Aisee! Mwalimu huyo hafai.

Mwl. Chaki: Taratibu kaka. Nilikuwa na watoto 40 kwenye kioo, wengi wameingia kwa majina ya baba zao, na wazazi wananong'ona majibu pembeni. Mtoto wa miaka 7 anahitaji kushikwa mkono akiandika, kioo hakiwezi. Nilifanikiwa nilipowagawa vikundi vidogo, dakika 15, kisha wakahesabu vijiko nyumbani na kurudi kunieleza.

Fundi Saa: Wananong'ona kwa sababu mnaharakisha! Sauti inachelewa kufika, nyie mnadhani mtoto hajui.

Mwl. Chaki: La sauti nakubali. La kunong'ona hapana, linanifichia mtoto alipokwama.

BandoLimekata: Mnagombania vipindi wakati kuna waliokosa kabisa. UNICEF walisema Agosti 2020 watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kupata masomo ya mbali.

Babu wa Wawili: Kaa naye mwanzo mwisho, mdogo huyo.

Dada Mkubwa: Babu, usimkalie karibu hivyo, atakutazama wewe badala ya mwalimu. Kuwa chumba hichohicho, fanya shughuli zako. Na zuia simu zinazoingia!

Nyangema: Mama Zuhura, tumbo liliisha?

Mama Zuhura: Liliisha mwalimu alipokubali tumrekodi akisoma. Tukatuma, akamjibu kwa sauti, akimtaja jina. Aliisikiliza mpaka chaji ikaisha. Ila kusoma mbele ya darasa mtandaoni, hataki hadi leo.