Naomba ushauri: kuwapeleka wanafunzi kwenye mgodi wa zamani wa Macalder

Wadau, hamjambo. Nafundisha hapa Kisumu, na wanafunzi wangu wanauliza kama Kenya iliwahi kuchimba fedha. Iliwahi: Macalder, kule Nyatike, Migori, fedha ilitoka pamoja na shaba na dhahabu hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Nataka wapaone.

Ila mashimo ya zamani siyaamini hata kidogo. Isitoshe, wachimbaji wadogo bado wanatumia zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, mtu anaikanda na mchanga kwenye karai kwa mikono mitupu! Au niwapeleke Rosterman, Kakamega, penye dhahabu ya miaka ya 1930?

Aliyewahi kupeleka watoto Macalder, ruhusa mliomba kwa chifu au ofisi ya madini? Na basi la shule linafika mvua ikinyesha?