Mimba ya wiki tisa, kutapika kumepitiliza. Mliopitia nisaidieni (nipo Dodoma)

MamaLishe_Mtumba:

Habari zenu wapendwa. Naandika nimelala ubavu, maana nikikaa tu kichwa kinazunguka, kwa hiyo mkiona nimeruka herufi mnisamehe.

Mimba hii ni ya pili. Ile ya kwanza, ya huyu wangu wa darasa la pili, kichefuchefu kilikuwepo asubuhi tu, nikitafuna mkate mkavu kinatulia naenda zangu kazini. Hii ya sasa haina asubuhi wala jioni. Natapika chakula, chakula kikiisha natapika maji, maji yakiisha yanakuja yale ya njano machungu, na baada ya hapo bado tumbo linakamua wakati halina kitu.

Kazi yangu ndiyo imenimaliza zaidi. Mimi ni mama lishe, nina kibanda upande wa Mtumba, nawapikia mafundi wanaojenga huko Mji wa Serikali. Kitunguu kikigusa mafuta ya moto nimeshatoka mbio nyuma ya kibanda. Siyo samaki, siyo nyama, kitunguu! Kuna siku mteja akaniuliza, "Mama, wali wa leo kapika nani, mbona hauna chumvi?" Nikanyamaza. Ningemwambiaje kwamba niliupika nimejifunga kanga puani na sikuonja hata punje?

Halafu mate. Hili sikuwahi kulisikia. Mdomo unajaa mate muda wote, nikiyameza natapika. Natembea na kopo la Blue Band ndani ya mkoba, nimelifunika na kitambaa, kwenye daladala naona watu wanasogea.

Nilikwenda zahanati, nikapewa vidonge vya kutuliza. Nilivitapika vikiwa vizima, rangi yake inaonekana kabisa. Uzito nilianza na kilo 61, sasa ni 56. Aliyenipima akaandika kwenye kadi, akaita mwingine. Mkojo siku hizi ni kidogo na umekolea, mara nyingine tangu asubuhi mpaka mchana siendi kabisa.

Mama mkwe amekuja kutoka Mpwapwa kunisaidia na namshukuru, anamwogesha mtoto, anafua. Ila kila akiniona nimelala anasema wao walilima na mimba zao, sisi wa siku hizi tunadeka. Mume wangu si mtu mbaya, yeye anasema tuvumilie, miezi mitatu ikifika itakata.

Ninachouliza: hii bado ni ile ya kawaida ya wajawazito? Na hivi vidonge vyekundu vya damu niendelee navyo? Nikivimeza tu ndio nakuwa nimejiitia.

KijanaWaNkuhungu:

Hongera dada, huyo ni wa kike, wanasumbua tangu tumboni 😂 Dada yangu alikuwa hivyohivyo. Alinunua ule udongo wa kula wanaouza Sabasaba, akawa anautafuna kidogo kidogo, ukamtuliza.

NesiMstaafu_Kikuyu:

Mbukwenyi. Kijana, hilo la udongo naomba uliache hapo hapo. Unaleta minyoo, unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na baadhi ya huo unaouzwa umeshakutwa na madini ya risasi. Mtu aliyeshuka kilo tano humwongezei udongo.

Sasa wewe mdogo wangu. Nimezeekea wodi ya wazazi, nimestaafu nafuga kuku, lakini ulichokiandika kinanifanya nikuambie kwa lugha ya kazini: hiyo siyo ya kawaida tena. Kichefuchefu cha kawaida kinamsumbua mama lakini anakula, anakunywa, na uzito haumkimbii. Sisi tunaanza kuita kutapika kupita kiasi pale mama anapopoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba. Kwa kilo 61 hiyo ni kama kilo tatu. Wewe umepoteza tano. Na huo mkojo mchache uliokolea maana yake mwili umekauka maji. Usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kesho, tena usiende zahanati, nenda penye maabara na kitanda cha kulaza: kituo cha afya kikubwa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, popote pa karibu na uwezo wako.

Ukifika usiseme "natapika". Kila mjamzito anasema hivyo, watakupa vidonge urudi nyumbani. Sema: "Nimetoka kilo 61 hadi 56, maji hayakai tumboni, sikojoi tangu asubuhi." Na kadi uwe nayo mkononi, tarehe na kilo zionekane.

Watapima mkojo kuangalia ketoni. Hizo zinatokea mwili ukikosa chakula ukaanza kuchoma mafuta yake. Watapima malaria na maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu yote mawili yanatapisha na yanaweza kujificha nyuma ya mimba. Omba na utrasaundi. Mapacha wanaleta kutapika kwa namna hii, na mimba zabibu pia, yaani ile ambayo kondo linakua vibaya kama vishada vya zabibu badala ya mtoto kukua, ambayo lazima ionekane mapema.

Wakikuwekea dripu, kuna jambo moja waulize kwa heshima: vitamini B1. Mama aliyetapika wiki nyingi akiwekewa maji ya sukari kabla ya kupewa B1, ubongo unaweza kuumia. Wenye uzoefu wanalijua, ila wodi ikijaa mambo yanasahaulika, na wewe kuuliza si utovu wa adabu.

Dawa zipo na zinatumika kwa wajawazito. Wengi wanaanzia vitamini B6, kisha promethazini au ile metoklopramidi mnayoiita Plasil, na zisipofanya kazi kuna ondansetroni. Kama vidonge havikai, zipo za sindano. Plasil ikikukakamaza shingo au taya, au macho yakaanza kupinduka, acha na urudi siku hiyohiyo. Usijinunulie duka la dawa kwa kukisia.

Vidonge vyekundu: hivyo ni madini ya chuma pamoja na vitamini ya foliki, na chuma ndicho kinachochafua tumbo. Muombe nesi akupe foliki peke yake kwa sasa, chuma utarudia ukitulia. Foliki usiiache, hizi ndizo wiki mtoto anazoihitaji.

MamaPacha_AreaC:

Nesi kamaliza ya hospitali, mimi nakupa ya nyumbani, maana nililala sakafuni bafuni mpaka nikazijua nyufa zote za sementi.

Tangawizi: kwa kichefuchefu kidogo inasaidia kweli. Kwa hali yako itakuunguza koo wakati wa kurudi. Mimi kila mgeni alikuja na tangawizi, ikafika mahali nikiiona tu kwenye mfuko natapika kabla hajakaa.

Usinywe kikombe. Kijiko cha chai, ngoja dakika chache, kijiko kingine. Chumvi ya ORS paketi moja kwenye lita moja ya maji safi, iwe baridi sana, ya moto hainyweki. Ikikushinda, igandishe umumunye vipande. Mimi kilichonivusha ni barafu za ukwaju, zile za mtaani, ila nilimwambia binti atengeneze nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, sukari kidogo na chumvi kwa mbali.

Chakula kiwe kimepoa. Cha moto kinatoa harufu, cha baridi hakitoi. Kiazi kitamu kilichochemshwa jana, uji mwembamba wa uwele uliopoa kabisa, wali mkavu kwa vidole. Wagogo wenzangu waliniambia mlenda unateleza, utashuka bila shida. Ulishuka. Na unateleza vilevile wakati wa kupanda, nisikudanganye.

Kula na kunywa vitenganishe, usishushie. Njaa usiingoje, tumbo tupu ndilo linalotapisha zaidi, kwa hiyo weka kitu kikavu karibu na kitanda utafune kabla hujainuka.

Mate: tema, usione haya. Mimi nilikuwa nanyonya ganda la ndimu au barafu. Na ukitapika usipige mswaki papo hapo, ile tindikali inalainisha meno, ukisugua unayala. Sukutua maji, mswaki baadaye.

Kibanda mpe mtu ashike. Kwenye moshi na mafuta hautapona.

MuuguziMwanafunzi_UDOM:

Naongezea kuhusu hilo la kudeka, kwa ajili ya mama mkwe. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kuna homoni inaitwa GDF15, inatoka kwa mtoto na kondo la nyuma, inaingia kwenye damu ya mama na kuamsha sehemu ya ubongo inayotapisha. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo, mwili wake haujaizoea, basi anaumia zaidi. Kwa hiyo mama mkwe anaweza kuwa kweli alilima na mimba tano, na wewe kweli ukashindwa kuinuka, bila yeyote kuwa mvivu. Hata Kate, mke wa William wa Uingereza, alilazwa London mwaka 2012 kwa tatizo hilihili, na yeye sidhani kama alikuwa anakwepa kufua.

Na hilo la mtoto wa kike, kijana amesema kwa utani ila tafiti kadhaa zimeona wanawake wanaolazwa kwa kutapika wana uwezekano mkubwa kidogo wa kubeba mtoto wa kike. Kidogo tu. Msinunue nguo za pinki.

MfanyakaziIhumwa:

Samahani naingilia. Mimi nimeajiriwa kiwandani, hali inafanana na ya dada japo si kali hivyo. Bosi anasema nikikosa tena atakata kwenye likizo ya uzazi. Inawezekana?

NesiMstaafu_Kikuyu:

Hapana mwanangu. Ugonjwa ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 za mwisho kwa nusu. Siku zako 84 za uzazi ziko pembeni. Lakini uwe na cheti cha daktari, kila mara. Bila karatasi utabishana mpaka ujifungue.

MamaLishe_Mtumba:

Nimerudi jamani. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Tulikwenda. Mume alisitasita, nikamsomea ile ya asilimia tano, akapiga hesabu mwenyewe kwenye simu, akanyamaza, akaita bajaji. Mapokezi nikasema kama nesi alivyonifundisha, kilo na tarehe, kadi mkononi. Sikukaa foleni ndefu. Ketoni kwenye mkojo ilisoma misalaba mitatu, nikalazwa. Malaria hakuna, mkojo hauna maambukizi, na utrasaundi imeonyesha mtoto mmoja, moyo unapiga, nimeuona kabisa ule mdundo mweupe kwenye skrini.

Nilipouliza kuhusu B1 yule daktari kijana akanitazama, akasema "nani kakuambia?", nikamjibu shangazi yangu ni nesi. Nesi wa Kikuyu samahani, nimeshakufanya shangazi bila ruhusa. Alikuwa ameshaiandika lakini.

Wamenitoa na dawa za kumeza, hizi zinakaa. Bado natapika, ila sasa nakunywa ORS ya baridi na kiazi kinabaki. Barafu za ukwaju nimeambiwa na mama mkwe ni za watoto, halafu jana nikamkuta naye anamumunya.

Kibanda nimempa wifi. Analalamika mafundi wanakopa, nimemwambia karibu mjini.

Swali la mwisho shangazi: dawa nikiona nimepata nafuu, niache?

NesiMstaafu_Kikuyu:

Haya mwanangu, ushangazi nimeupokea.

Usiache kwa mkupuo. Wengi wanapata nafuu siku mbili tatu, wanaacha, wanarudi wodini. Endelea kama ulivyoandikiwa, kupunguza kufanyike na aliyekuandikia. Kwa walio wengi kilele ni hizi wiki za tisa kumi, inaanza kushuka, na kati ya wiki ya 16 na ya 20 wanakuwa wameshatulia. Wapo wachache wanaokwenda nayo mpaka kujifungua, kwa hiyo usimpe mume tarehe.

Pima uzito kila wiki, mzani ule ule, hata wa duka la dawa. Ukipitisha siku nzima bila kitu kukaa tumboni, au masaa manane mfululizo bila kukojoa, au ukaona damu kwenye matapishi, homa, au tumbo linauma, unarudi saa hiyo hiyo, iwe usiku. Namba ya yule wa bajaji mwachie na mama mkwe.

MamaLishe_Mtumba:

Nimeshampa. Ameiandika ukutani kwa mkaa, karibu na mlango.

NesiMstaafu_Kikuyu:

Safi. Na chuma kisisahaulike ukifika wiki ya 16, umkumbushe nesi wa kliniki mwenyewe.