Mama kabakiwa na meno manne ya chini. Ayang'oe au ayaache?

Mtoto wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 67, yupo Kibosho. Meno ya juu yalishakwisha, la mwisho lilitoka mwaka jana. Chini ana manne ya mbele, hayatikisiki. Nimempeleka sehemu moja hapa Moshi mjini, jamaa kachungulia dakika tano akasema ang'oe na hayo, atengenezewe ya bandia juu na chini "iwe kazi moja". Mama kagoma. Desemba kuna kipaimara cha mjukuu na anataka meno kabla wa Dar hawajapanda. Siku hizi ni mtori na uji tu, akicheka anaziba mdomo kwa khanga. Nifanyeje?

Bibi Njiro
Mwanangu, mama yako ana akili. Mimi nilikubali kung'olewa yote. Seti ya juu haijanisumbua, inanata kwenye kaakaa kwa mate kama kioo kilicholowa juu ya meza. Ya chini ndiyo adui yangu. Haina kaakaa la kushika, imekalia ukingo mwembamba wa fizi, na ulimi unaisukuma kutwa. Nikipiga chafya, mkono mdomoni.

Mangi Mstaafu
Mpandikizie ya kudumu, mambo ya kuvua usiku ya nini?

Mtoto wa Kibosho
Mangi, bei hiyo siiwezi. Halafu ana kisukari, na hakijatulia.

Daktari wa Pembeni
Kisukari kisipotulia, vidonda vya kinywa huchelewa kupona, kwa hiyo vipandikizi, yaani meno yanayofungwa ndani ya mfupa wa taya, visubiri. Nafanya kazi kliniki ya meno Arusha. Hayo manne yapigwe picha kwanza. Kama mizizi na fizi ni nzima, yaachwe: yatashikilia vikulabu vya meno ya bandia ya sehemu, na mfupa ulioshika jino hauishi haraka kama ule wa pengo. Yakiwa yameoza au fizi zinatoa usaha, hapo ni hadithi nyingine.

Fizi za juu zimeshapona, hivyo kazi inaweza kuanza sasa. Ataenda kama mara nne au tano: kuchukua alama ya kinywa, kupima taya zinavyoumana, kujaribisha meno yakiwa kwenye nta, kukabidhiwa, kisha marekebisho. Hayo marekebisho ndiyo watu wanayoyakimbia. Pakichubuka asikwangue mwenyewe kwa msasa. Avae tangu siku moja kabla ya kurudi, daktari aone panapouma. Usiku avue, aloweke kwenye maji baridi. Ya moto yanayapinda.

Kijana wa Maji ya Chai
Nyongeza: waseme mapema kuhusu rangi. Huku kwetu floraidi ya maji imetupaka kahawia tangu utotoni. Mjomba aliwekewa meupe kama chaki pembeni ya yake ya asili, msibani watu walimtazama yeye badala ya jeneza.

Mtoto wa Kibosho
Nimecheka. Asanteni, Jumatatu nampeleka kwingine kwa picha. Mama yupo hapa, anauliza: na muhindi wa kuchoma?

Bibi Njiro
Mwambie apukuchue kwanza, atafune kidogo kidogo pande zote mbili. Aking'ata gunzi kwa meno ya mbele, seti inanyanyuka nyuma. Mimi yangu iliwahi kubaki kwenye gunzi, sokoni Kilombero.