Mrejesho: vitabu vya anguko la Roma

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nianze na kitabu gani kuhusu mwisho wa utawala wa Roma ya magharibi, mkaniambia nisimguse kwanza Gibbon, mwanahistoria Mwingereza. Ubishi wangu! Nilianza naye, juzuu sita za karne ya 18, nikakwama hata ya kwanza sijaimaliza. Nikafuata ushauri: kitabu cha mwanahistoria Bryan Ward-Perkins. Chembamba, wiki moja tu nimekimaliza. Anapima anguko kwa vyungu, vigae vya paa, hata ukubwa wa ng'ombe. Sasa niko kwenye kitabu cha Peter Heather, mwanahistoria mwingine. Wavandali (kabila la Kijerumani) kuiteka Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 439, Roma ikakosa kodi za Afrika, kumenifumbua macho kuliko habari za mwaka 476, alipoondolewa kaisari wa mwisho wa magharibi. Mwanahistoria Peter Brown bado sijamgusa. Aliyeniazima nakala, nakurudishia Jumamosi. Asanteni sana.