Mjadala: Je, fedha za umma ziendelee kukodi vipande vya prairi Iowa, au zinunue ardhi yenyewe?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, ninaishi Iowa, katikati ya Marekani, na ninaomba tujadili jambo linalohusu kodi tunazolipa. Zaidi ya robo tatu ya jimbo hili ilikuwa mbuga ya nyasi ndefu, yaani prairi, hadi majembe ya feleji ya kukokotwa na wanyama, ambayo John Deere alianza kuyaunda Illinois mwaka 1837, yalipoigeuza ardhi yake nyeusi kuwa mashamba. Leo imebaki chini ya asilimia 0.1, na wadudu wachavushaji, kama nyuki, walioitegemea wamepungua pamoja nayo. Ili kuirudisha, serikali kuu, vyuo vikuu, vyama vya hifadhi na wakulima wameungana, na nyenzo yao kubwa ni CRP (Conservation Reserve Program), mpango wa serikali kuu wa mwaka 1985 unaomlipa mwenye shamba kila mwaka, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, ili aache kulima sehemu ya shamba na kupanda mimea ya kudumu. Je, tuendelee kukodi namna hiyo, au fedha hizo zinunue ardhi?

Mimi nasema zinunue. Mwaka 2007 mpango huo ulikuwa na karibu ekari milioni 37 nchi nzima. Bei ya mahindi ikapanda, kisha Bunge likapunguza kikomo cha ekari mwaka 2014, na kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimebaki chini ya milioni 25. Prairi haiendi kwa kasi ya soko. Ukiipanda, mwaka wa kwanza huoni ila magugu, na jirani hukuuliza kama kilimo kimekushinda, kwa sababu mimea yenyewe inashughulika kushusha mizizi, ambayo kwa baadhi yake hupita mita 3. Maua ya maana huja mwaka wa tatu. Mkataba wa miaka 10, basi, unampa nyuki miaka saba au minane ya malisho kabla ya trekta kurudi.

Nendeni mkayaone makaburi ya Rochester, katika kaunti ya Cedar. Ni takriban ekari 13 za mialoni mikubwa na maua ya porini, na katikati ya kiangazi mawe ya kaburi ya walowezi huwa yamezama katika majani hadi uyatenge majani hayo kwa mkono ndipo usome majina. Jembe halikupita pale kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulima juu ya wafu. (Wapo hata hivyo wenye ndugu waliozikwa pale wanaotaka majani yafyekwe, wakiona kuyaacha ni kuwavunjia heshima marehemu, nami siwalaumu.) Ekari hizo hazikulindwa na malipo ya mwaka kwa mwaka.

Mchangiaji, mkulima wa shamba la kukodi

Ndugu mwanzisha mada, mfano wa makaburi ni mzuri, ila piga hesabu. Kwa uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Iowa State, ekari moja ya shamba ilikuwa na thamani ya wastani wa dola 11,467 mwaka 2024. Ekari 1,000 ni zaidi ya dola milioni 11, na mvua ya mwezi wa tano bado itabeba udongo wa mashamba yote yanayoizunguka hifadhi yako.

Chuo hicho kilianza mwaka 2007 majaribio katika hifadhi ya Neal Smith, karibu na mji wa Prairie City, kwa kupanda vipande vya prairi vinavyokinga mteremko ndani ya mashamba ya mahindi na soya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kugeuza asilimia 10 tu ya shamba kulipunguza upotevu wa udongo kwa takriban asilimia 95, na wachavushaji waliongezeka zaidi ya mara tatu. Nimelima penye kipande cha namna hiyo: baada ya mvua kubwa, maji yanayoingia upande wa juu yana rangi ya chai ya maziwa, na upande wa chini unaona kokoto za mfereji. Zaidi ya nusu ya mashamba ya Iowa ni ya kukodi. Mwenye ardhi yuko mbali, anachotaka ni hundi yake, na bila malipo ya CRP sina la kumwambia ili akubali kuacha ekari 8 kati ya 80.

Mchangiaji mwingine

Nyote mmeruka jambo moja, nalo ni kinachopandwa na kinachopuliziwa. Mwaka 2016, hapa hapa Iowa, mbegu mchanganyiko zilizopandwa chini ya CRP kwa ajili ya wachavushaji zilikutwa na mchicha pori wa Palmer, ndugu wa mchicha tunaoula kwa ugali, lakini huyu hupita kimo cha mtu na hafi kwa dawa nyingi za magugu. Aidha, karibu mbegu zote za mahindi nchini hupakwa neonikotinoidi, viuadudu vinavyoyeyuka majini na kuweza kufyonzwa na maua ya kipande hicho hicho tunacholipia.

Na tafadhali tusichanganye nyuki. Nyuki wa asali aliletwa kutoka Ulaya. Aliyeorodheshwa mwaka 2017 kuwa hatarini kutoweka ni nyuki mwitu mwenye doa la rangi ya kutu, na huyo hafugwi katika mzinga. Ushirikiano usiogusa mbegu zilizopakwa sumu mimi siupigii kura, ardhi iwe ya kukodi au ya kununua.

Mwanzisha mada

Kwa udongo na maji, nimeshindwa hoja. Vipande vibaki, na ndugu yetu mkulima alipwe. Kwa mbegu, ninakubali kwamba sharti la kutotumia zilizopakwa sumu liandikwe katika mkataba.

Kwa kudumu bado sijaridhika. Mwaka 2010 wapiga kura wa Iowa, asilimia 63, waliingiza katika katiba ya jimbo mfuko wa maliasili ambao ungepata fedha siku Bunge la jimbo litakapopandisha kodi ya mauzo, kwa kuchukua sehemu tatu kwa nane ya asilimia moja. Miaka kumi baadaye mfuko huo ulikuwa bado mtupu. Mnaosema ardhi ni ghali, ninaomba mnieleze kwa nini tusianze kwa kudai fedha hizo.