Leza au faiba: mtaani tungechagua ipi?

Mpangaji, Kasarani, Nairobi: Tingatinga la wanaopanua barabara limekata tena faiba yetu, ile kebo ya intaneti ya nyuzi za kioo, mara ya tatu tangu Machi. Fundi alichutama mtaroni chini ya mwavuli akiunganisha nyuzi nyembamba kama unywele. Siku mbili hakuna intaneti. Kwa nini tung'ang'anie kuchimba? Taara, mradi uliozaliwa ndani ya Alphabet, kampuni mama ya Google, hurusha data kwa leza, mwale wa mwanga usioonekana, mnara hadi mnara, hata gigabiti 20 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita 20. Mwaka 2021 waliunganisha Brazzaville na Kinshasa juu ya Mto Kongo. Ng'ambo hadi ng'ambo haifiki kilomita tano, ilhali kebo ingezunguka zaidi ya 400.

Fundi wa minara: Pole, mkuu. Lakini huko ni mtoni, hakuna wa kujenga ghorofa katikati ya maji. Njoo Kilimani! Leo paa mbili zinaonana, mwakani kuna jengo la ghorofa 16 kati yao. Halafu ukungu. Watu huogopa mvua, kumbe ukungu ndio adui mkubwa; vitone vyake vidogo mno hutawanya mwanga. Panda Limuru asubuhi ya Julai uone kama utauona hata mnara wenyewe. Na huo mnara unalishwa na nini? Faiba.

Mwenye saiba, Kibra: Nyinyi mnabishania anga. Mwale ukifika mnarani, kuja dukani kwangu ni waya wa kijana wa mtaa uliofungwa juu ya mabati, na moto ukizuka huko chini ndio unaotangulia kuungua. Hiyo mita mia mbili ya mwisho nani ataipigia leza?

Mzee wa Buruburu: Mimi nimeshaonjeshwa. Julai 2020 tuliambiwa puto za Loon, mradi mwingine wa Alphabet, zitatumwagia intaneti kutoka angani, kampuni ya simu ya Telkom ikiwa ndani. Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Faiba ikikatika, angalau najua shimo liko wapi.

Mpangaji, Kasarani: Mzee wangu, shikamoo, lakini leza hizi ndizo zilizorithi ufundi wa puto hizo, zilikusudiwa kuunganisha puto kwa puto. Na 2025 Taara wamejitenga, sasa ni kampuni yao wenyewe. Fundi, nakubali kuhusu ukungu. Hoja yangu ni ndogo: faiba ibaki, leza iwe njia ya pili ya kuingia mtaani, tingatinga likipita tusizimike sote.

Fundi wa minara: Hapo sawa, ningefunga hata kesho. Paa mnalo?

Mpangaji, Kasarani: Tumemuuliza mwenye ploti. Anasema mlingoti wowote juu ya paa lake utalipiwa kodi kama chumba.